Swali Ambalo Halikuulizwa

Nataka kuwasimulia jinsi nilivyopata alama 2 kati ya 15 katika habari niliyoijua vizuri kuliko zote.

Ilikuwa katika mtihani wa majaribio wa Historia. Nilipoona swali la Vita vya Maji Maji, moyo ulinirukaruka kwa furaha, kwa kuwa habari ile nilikuwa nimeikesha siku tatu. Nikashika kalamu. Nikaandika juu ya pamba ya kulazimishwa, kodi, ukatili wa maakida, na Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake. Nilijaza kurasa nne, nikamwonea huruma jirani yangu aliyekuwa bado anatazama dari.

Karatasi iliporudi nikaona mstari mwekundu chini ya swali. Swali, kwa Kiingereza chake, lilitaka matokeo ya vita, nami nilieleza sababu zake. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, ikaja njaa iliyoua watu wengi kusini kuliko risasi. Hayo niliyajua, wala sikuandika hata neno moja.

Nilipompelekea baba karatasi ile wakati wa likizo, aliitazama sana. Akauliza, "Mwanangu, hukusoma?" Nilisema nilisoma. Akanyamaza, akaenda shambani. Afadhali angenigombeza.

Tangu hapo naona kwamba wengi wetu hatuangushwi na ujinga bali na haraka. Hapa Itumba kuna baridi kali, lakini watu huamka saa 9 usiku, wamejifunika blanketi, wanakariri. Sijaona hata mmoja aliyeamka kujizoeza kusoma maswali. Tena tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na mtihani wa Novemba huja kwa Kiingereza. Neno dogo la kuamuru, kama kulinganisha au kufafanua, hutupita kama gari la usiku. Mwenzangu mmoja alijibu maswali matatu ya insha ilhali maagizo yalisema mawili, akakosa muda wa sehemu nyingine. Mwingine alisahau namba yake ya mtihani katika kurasa za ndani. Katika Hisabati mimi mwenyewe nimekwisha kunakili 68 nikaandika 86, kisha nikakokotoa bila kosa mpaka mwisho!

Sasa katika mazoezi nalipigia mstari neno la kuamuru, naandika maana yake kwa Kiswahili pembeni, ndipo naanza. Wenzangu hunicheka kwamba ninachelewa.

Juma lililopita tulipewa swali la zamani juu ya matokeo ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Nilikaa karibu dakika mbili bila kuandika, na jirani yangu alikwisha kujaza nusu ukurasa. Tulipobadilishana karatasi ili tusahihishane, nilikuta ameeleza vizuri sana, kwa mwandiko wa kupendeza, sababu za kuitishwa kwa mkutano.