Jumamosi za Kapteni Mainwaring

Mwezi wa Februari mwaka 2024 alifariki dunia mwigizaji wa Kiingereza Ian Lavender, akiwa na umri wa miaka 77. Huenda jina lake halimwambii kitu msomaji wangu wa Nakuru au wa Tanga, lakini Waingereza wengi waliipokea habari hiyo kama watu waliofiwa na ndugu. Yeye ndiye aliyekuwa Pike, kijana mwenye skafu ndefu aliyovishwa na mama yake asije akapata mafua, katika mchezo wa kuchekesha wa televisheni uitwao Dad's Army, yaani Jeshi la Baba. Wenzake wote wakuu wa kile kikosi walikuwa wamekwisha kutangulia.

Mchezo huo niliujua nikiwa mtu mzima, katika miaka ya tisini, nilipokuwa muuguzi wa zamu ya jioni katika nyumba moja ya kutunzia wazee kusini mwa Uingereza. Ulikuwa umekwisha kutengenezwa zamani, ila ulirudiwa mara kwa mara, na mkazi mmoja alikuwa na binti aliyemletea kanda za video. Jumamosi baada ya chakula cha jioni viti vilisogezwa, mapazia yakafungwa, na mimi nikapita na trei ya dawa katikati ya vicheko.

Kwa asiyeujua, kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 1940. Ufaransa inaanguka, na Wajerumani watakuwa ng'ambo ya bahari nyembamba. Tarehe 14 Mei Waziri wa Vita, Anthony Eden, alisema redioni kwamba wanatakiwa wanaume wasio jeshini wajitokeze kulinda miji na vijiji vyao. Robo milioni walijiandikisha katika siku chache, na kufikia mwisho wa Julai walikuwa wamezidi milioni. Hayo ni ya kweli kabisa. Ya kubuni ni mji wa Walmington-on-Sea, ambako meneja wa benki, Bwana Mainwaring, anajitwalia cheo cha kapteni na kukusanya watu wake: karani wake mkuu Wilson, ambaye ni wa ukoo bora kuliko yeye, jambo linalomkera mno, muuza nyama Jones, mzee aliyepigana Sudan zama za Kitchener, Frazer, Mskoti mwenye kazi ya mazishi na macho ya kumtisha mtu aliye hai, Walker, mlanguzi wa magendo, mzee Godfrey, mpole kama njiwa, asiyeweza kukaa saa moja bila kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na huyo Pike. Waandishi walikuwa Jimmy Perry na David Croft. Vipindi vilitoka 80, kuanzia Julai 1968 hadi Novemba 1977, na kulikuwa na wakati watu milioni 18 waliketi kuvitazama.

Walinzi hao kwa Kiingereza waliitwa Home Guard. Sasa, Mkenya wa umri wangu akilisikia jina hilo hacheki. Utoto wangu ulipita katika nyumba za reli wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na homugadi katika mazungumzo ya wakubwa alikuwa mtu wa kutajwa kwa sauti ya chini, mwenye bunduki ya mkoloni na jina la jirani yako mfukoni. Basi jioni ya kwanza nilipoambiwa njoo Sista, njoo uwatazame Home Guard, nilikwenda na moyo mzito. Nikakuta wazee wamepangwa mstari, kapteni mfupi anatoa amri, na mmoja wao anakakamaa baada ya wenzake wote kwisha kukakamaa. Huyo alikuwa Jones. Alichelewa hivyo hivyo kwa miaka tisa, na watu hawakumchoka.

Kipindi kikiisha ndipo Jumamosi yenyewe ilipoanza. Hakuna aliyekwenda kulala. Mzee mmoja aliyekuwa fundi bomba alijiunga na walinzi akiwa na miaka 17, na alituambia kwamba majuma ya kwanza walifanya zoezi kwa mipini ya mafagio, na kwamba kamanda wao alikuwa Mainwaring mtupu, ila mrefu. Bibi mmoja hakujali mambo ya bunduki. Yeye alikumbuka foleni ya nyama, na namna wanawake walivyomchekea muuza nyama wapate kipande cha figo zaidi ya kile cha kadi. Mgawo wa nyama uliendelea hadi Julai 1954, miaka tisa baada ya vita, na bibi huyo alisema kwamba kufikia siku hiyo mashavu yalikuwa yamemuuma kwa kucheka na mtu asiyempenda. Mwingine alizungumza juu ya giza tu, namna alivyogongana na mlingoti barabarani akauomba radhi.

Nilijiuliza mara nyingi kwa nini watu hawa, ambao siku za kazi nilikuwa nikiwabembeleza waseme hata wanaumwa wapi, walifunguka hivyo mbele ya mchezo wa mzaha. Wakubwa wa BBC wenyewe, kabla ya kuuonyesha, waliogopa kwamba utaonekana kuwadhihaki watu walioitumikia nchi, hata wakataka mwanzo wake ubadilishwe na picha za vita vya kweli ziondolewe. Naona hofu yao haikuwa ya kijinga. Mzaha juu ya vita unaweza kuwa tusi. Lakini huu ulitengenezwa na watu waliokuwamo. Perry alikuwa mlinzi wa namna hiyo huko Watford akiwa kijana, na mama yake alikuwa akihangaika juu ya afya yake kama mama wa Pike. Arnold Ridley, aliyeigiza Godfrey, alijeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916. John Laurie, yaani Frazer, alipigana vita hivyo hivyo vya kwanza. Clive Dunn, aliyekuwa Jones, alitekwa na Wajerumani huko Ugiriki mwaka 1941 akakaa mateka miaka minne. Na ukitazama vizuri utaona kwamba Mainwaring, pamoja na majivuno yake yote, hana shaka hata kidogo: adui akitua ufukoni, yeye na wazee wake sita watasimama mbele yake na watakufa. Jambo hilo halichekwi kamwe. Linachekwa kila kitu kilicho pembeni yake.

Palikuwa na mzee mmoja ambaye kiti chake kilikuwa dirishani. Alicheka kama wengine. Kile kipindi ambacho nahodha wa Kijerumani aliyetekwa anataka kuliandika jina la Pike, na Mainwaring akamkataza kijana asilitaje, kwa kulitaja yeye mwenyewe, kilimfanya atokwe na machozi. Lakini muziki wa mwisho ulipoanza tu, alishika mkongojo wake akaenda chumbani. Hakungoja mazungumzo. Wenzake walisema ana kiburi.

Mimi nami katika mazungumzo hayo nilikuwa mpitaji, mpaka yule fundi bomba aliponiuliza siku moja, kwa adabu tu, baba yangu alikuwa wapi wakati huo. Nikamwambia alikuwa Keya, na kwamba alikuwa Bama. Chumba kilinyamaza kidogo. Nikawaeleza kwamba mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, masika ya huko yakinyesha, barabara zikigeuka uji, mpaka wakafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Hawakuwa wakijua. Bibi wa figo alisema kwa dhati kabisa kwamba alidhani vita ya Bama ilikuwa ya Waingereza na Wahindi. Sikumlaumu. Nani angemwambia? Perry na Croft walitengeneza mchezo mwingine, kuanzia 1974, juu ya askari wa Kiingereza waliokuwa India na baadaye Bama, ambao BBC haiurudii tena kwa sababu mtumishi wa Kihindi aliigizwa na mzungu aliyepakwa rangi. Niliwahi kutazama vipindi vyake kadhaa nikimtafuta mtu wa kufanana na baba. Hayumo.

Baba mwenyewe alituachia hadithi tatu, zote za kuchekesha: nyumbu aliyekula kofia ya ofisa, sajini aliyeogopa ruba kuliko Wajapani, na jinsi walivyojifunza kulala wima. Nishani yake ya Bama ilikaa kwenye kopo la tumbaku pamoja na vifungo na sindano. Tulipomuuliza habari nyingine alisimulia tena ile ya nyumbu.

Kipindi ninachotaka kukisema hasa kilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1969. Ndani yake Godfrey anakiri kwamba katika vita ya kwanza alikataa kupigana kwa sababu ya dhamiri yake. Kikosi kizima kinampa mgongo. Walio na mzaha mwingi kuliko wote ndio wanaogeuka wakali kuliko wote, na kwa dakika kadhaa mchezo hauchekeshi hata kidogo. Kisha katika zoezi la moshi Mainwaring anazimia, na ni Godfrey anayeingia kumtoa. Wanapokwenda kumtazama kitandani kwake wanaona ukutani picha yake ya ujana, na kifuani ana nishani ya ushujaa. Alikuwa amejiunga kama mbeba majeruhi, na huko Somme aliokoa watu kadhaa chini ya risasi. Dada yake ndiye anayesimulia. Yeye aliona kuivaa ni kujionyesha.

Muziki wa mwisho ulipigwa, na mzee wa dirishani hakushika mkongojo. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba yeye alikuwa makaa.

Wenzake walielewa kabla yangu. Kuanzia Desemba 1943 Waziri wa Kazi, Ernest Bevin, alikuwa na upungufu mkubwa wa wachimbaji makaa ya mawe, basi vijana walioitwa jeshini walipigiwa kura: namba ilitolewa kwenye kofia, na kila ambaye namba yake ya kuandikishwa iliishia na tarakimu hiyo alipelekwa migodini, apende asipende. Kijana mmoja katika kila kumi. Hawakupewa sare wala nishani. Mzee wetu alitaka jeshi la majini, kama kaka yake. Alishuka chini ya ardhi akiwa na miaka 18. Polisi walimsimamisha mara mbili wakimshuku ni mtoro wa jeshi, na kwenye basi mama mmoja alimuuliza kwa sauti mbona kijana mwenye mikono na miguu amekaa tu. Alikuwa ametoka zamu. Juu ya nyusi alikuwa na kovu la buluu, vumbi la makaa lililofunikwa na ngozi. Nilikuwa nikilipita kwa kitambaa kila jioni.

Yule fundi bomba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, basi wewe ndiwe uliyetuwashia taa. Si neno kubwa. Mwaka 1998 wachimbaji hao waliruhusiwa rasmi kupita katika gwaride la kumbukumbu London, na mwaka 2008 serikali ikaanza kuwapa beji. Mzee wetu aliliona gwaride kwenye televisheni. Beji hakuifikia.

Baada ya siku ile alibaki kila Jumamosi, tena akawa msemaji, na mbishi. Nakumbuka jioni moja bibi wa figo alisimulia kipindi ambacho hakimo katika kanda yoyote, kwa kuwa BBC ilikuwa na desturi ya kufuta kanda ili izitumie tena, na vitatu vya mwaka 1969 havijapatikana hadi leo. Alikiona mara moja tu, usiku kilipoonyeshwa. Alisema Walker anaitwa jeshini kweli, kikosi kinahangaika kumzuia, na mwisho anarudishwa kwa sababu nyama ya kopo inamdhuru. Mzee wa dirishani alishikilia kwamba ilikuwa jibini. Nimesoma baadaye habari za kipindi hicho, na bibi ndiye aliyekuwa sahihi.

Katika ubishi huo nikawaambia kwamba baba yangu naye, tangu aliporudi kutoka Bama, hakuonja nyama ya kopo mpaka anakufa. Krismasi moja mjomba alituletea kopo kubwa kutoka dukani. Baba alilichukua mezani, akatoka nalo nje, akarudi mikono mitupu, na mama akatupakulia maharagwe. Walicheka, nami nikacheka. Bibi akauliza, ilikuwa inamdhuru? Nikajibu kwamba hakutuambia.

Mzee wa dirishani alisema kwamba yeye hajalala gizani tangu mwaka 1944. Na kweli, katika daftari la zamu, mbele ya jina lake, iliandikwa kila usiku kwa mikono tofauti: taa isizimwe.