Tuliifuata bahari, tukaikuta mlimani

Ndugu msomaji, bila shaka wewe nawe umewahi kupanga safari ya mapumziko kwa miezi mingi, ukaweka akiba shilingi kwa shilingi, ukaomba likizo kazini, ukawaaga majirani, kisha siku ya kuondoka mbingu zikakataa. Kama jambo hilo limekwisha kukupata, utanielewa upesi. Kama bado, kaa nami kidogo, kwani safari ninayokusimulia ilianzia kwenye gati ya boti na kuishia kwenye jiko la mama mmoja huko Matombo, katika Milima ya Uluguru.

Tulikuwa wanaume wanne, marafiki tangu tulipokuwa shule ya bweni. Mmoja ni mwalimu, mwingine karani wa benki, wa tatu fundi wa umeme kiwandani, na wa nne ni mimi mwandishi wako. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiambiana kwamba siku moja tutakwenda Kisiwa cha Mafia, tuogelee, tule samaki wabichi na kuzungumza bila kuangalia saa. Hatimaye mwaka 2024 tulikubaliana: tutasherehekea Mei Mosi pamoja na wafanyakazi wenzetu, kisha tutaondoka Dar es Salaam alfajiri ya Ijumaa, tarehe 3 Mei.

UPEPO WENYE JINA

Siku hizo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutoa tahadhari. Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani yetu, upepo ulikuwa ukijisokota, nao ukapewa jina la Hidaya. Jina hilo maana yake ni zawadi, na karani wetu wa benki hakukosa kulifanyia mzaha. Alisema kwamba zawadi haikataliwi.

Sisi watu wa mwambao wa Tanzania hatukuzoea vimbunga. Vimbunga huhitaji bahari yenye joto, na pia huhitaji kuzaliwa mbali kidogo na Ikweta, kwa sababu karibu na mstari huo nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ni hafifu. Ndiyo maana wenzetu wa Msumbiji na Madagaska huteseka mara kwa mara, nasi huwasikia redioni. Lakini kutozoea si sawa na kuwa salama. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu na minazi isiyo na idadi. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kingine kiliupiga mji wa Lindi. Wazee waliokuwa watoto siku hizo hawajasahau.

Hata hivyo sisi tulikwenda. Tulifika Nyamisati, wilayani Kibiti, mahali ambapo abiria wa Mafia hupandia boti. Njiani tulipita katika nchi iliyokwisha kuchoka na maji, maana mafuriko ya masika yalikuwa yamekwisha kuharibu mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti. Gatini palikuwa kimya. Hakuna chombo kitakachoondoka, tuliambiwa. Akina mama waliokuwa na vikapu vyao waliketi juu ya mizigo, wakitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Hapo ndipo urafiki wetu ulipojaribiwa. Kijana mmoja alitujia pembeni, akasema kwa sauti ya chini kwamba yuko mtu mwenye mashua na injini, na kwamba kwa bei maalumu angeweza kutuvusha kabla ya jua kuzama. Mwalimu alikataa papo hapo. Karani alitaka. Alisema kwamba bahari imetulia, kwamba nyumba ya wageni imekwisha kulipiwa, na kwamba likizo nyingine hatapata hadi mwaka ujao. Fundi alinyamaza. Mimi, nikiri mbele yako msomaji, nilianza kuhesabu fedha mfukoni.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu nasi alinyanyua uso. "Wanangu," alisema, "mimi nimezaliwa katika maji haya. Bahari ikinyamaza namna hii, mimi huvuta ngalawa yangu juu." Akarudi katika wavu wake. Hakusema zaidi, na kijana wa mashua akaondoka.

Tulilala Kibiti. Usiku ule upepo ulilia juu ya mabati hadi asubuhi, na mvua ikawa inapiga dirisha kwa ubavu. Siku ya Jumamosi, tarehe 4 Mei, kimbunga kilifika Mafia kikiwa kimepungua nguvu, na kule nchi kavu kikasambaratika. Taifa liliepuka maafa makubwa zaidi, lakini mvua zake zilikata barabara kuu ya kwenda Lindi huko Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi yakakwama pande zote mbili. Karani alisikiliza habari hizo redioni akiwa ameshika kikombe cha chai. Hakufanya mzaha tena.

"TWENDENI KWETU"

Tuliporudi Dar es Salaam jioni ile, tulikuwa na siku saba za likizo, mifuko ya nguo za kuogelea, na hasira. Ndipo fundi, ambaye tangu Nyamisati hakuwa amesema maneno kumi, aliposema: "Twendeni kwetu Matombo."

Tulishangaa. Katika miaka yote ya urafiki wetu hajawahi kutualika kwao. Tulijua tu kwamba mama yake yu hai, na kwamba kila mwisho wa mwezi humtumia fedha kwa simu.

Siku ya Jumapili tulipanda basi la Morogoro. Treni ya umeme ilikuwa bado haijaanza kubeba abiria, ilianza mwezi uliofuata. Kutoka Morogoro mjini tulipita Bigwa, tukaiacha lami na kuanza kuizunguka milima kwa upande wa mashariki, kupitia Mkuyuni. Matope yalikuwa ya kufika vifundoni. Mara mbili abiria wote tuliteremka kulisukuma gari, na mara zote mbili dereva alitushukuru kwa kutupigia honi.

Lakini nchi ile, ndugu msomaji! Mji wa Morogoro uko upande mmoja wa milima, na upande huo si wa mvua nyingi sana. Ukizunguka mashariki unaingia katika ulimwengu mwingine. Hii ndiyo milima ya kwanza mirefu ambayo upepo kutoka Bahari ya Hindi hukutana nayo. Upepo ule umejaa unyevu. Ukilazimika kupanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Miteremko ya juu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo utaona migomba, mananasi na michungwa, na vilevile utaona mikarafuu, midalasini na pilipili manga, mimea ambayo wengi wetu tunadhani ni ya Unguja na Pemba tu. Mwalimu alichuma jani la mdalasini, akalinusa, akasema: "Kumbe tulikuwa tunaifuata pwani nayo iko huku."

Matombo ni mahali pa kale. Wamisionari Wakatoliki walijenga kanisa hapo mwishoni mwa karne ya 19. Wenyeji hueleza kwamba jina lenyewe ni neno la Kiluguru lenye maana ya maziwa ya mama, kwa sababu ya miamba miwili inayofanana na kifua cha mwanamke. Sikufikiri sana juu ya jina hilo hadi nilipomwona mama mwenyewe.

JIKO LILILOFUKIWA

Mama wa rafiki yetu alitupokea mlangoni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza: "Mmetoka baharini, mbona hamkuniletea samaki?" Tulicheka sote. Lakini fundi hakucheka. Alikuwa ameangalia nyuma ya nyumba.

Mahali palipokuwa na jiko palikuwa na kifusi cha udongo mwekundu. Mvua za Aprili zilikuwa zimeumomonyoa mteremko, nao ukaja usiku ukalifukia jiko pamoja na vyungu. Ukuta wa nyumba kubwa ulikuwa na ufa ambao mtu angeweza kuingiza vidole. Mama alikuwa akipika chini ya mwembe, akijifunika kwa kipande cha turubai.

"Mama, mbona hukuniambia?" aliuliza fundi.

"Simu yako ni ya kuleta fedha, mwanangu. Huulizi habari za nyumba."

Nilitamani kuwa mahali pengine. Usiku ule, kando ya moto, rafiki yetu alijaribu kujieleza. Unajua, msomaji, kwamba kwa mila ya Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na ardhi hupita katika ukoo huo, unaoitwa lukolo. Watoto wa fundi ni wa ukoo wa mama yao, si wa ukoo wake. Kwa hiyo alikuwa amejiambia miaka yote kwamba nyumba ya Matombo ni ya dada zake na watoto wao. Yeye ajenge kwake Dar es Salaam. Dada zake nao walikwisha kuolewa mbali, na kila mmoja alidhani mwingine anaangalia.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Ardhi ni ya lukolo. Na mama je, ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu.

Asubuhi tulianza kazi. Fedha za boti zilinunua mabati na misumari. Nyumba ya wageni ya Mafia ilikubali kurudisha sehemu ya malipo yetu, nayo ikanunua mbao na kumlipa fundi mwashi wa kijijini. Karani wa benki, ambaye mikono yake imezoea noti, alitokwa na malengelenge siku ya kwanza, wala hakuacha jembe. Tuliondoa kifusi, tukachimba mfereji juu ya nyumba ili kuyachepusha maji, na majirani wakatuletea matete ya kupanda ukingoni ili mizizi yake ishike udongo.

Mzee mmoja jirani alitusimamia kwa maneno. Alitukumbusha kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko yao. Kazi ilikuwa kubwa, faida haikuonekana, na mwaka 1955 wananchi walikusanyika hapahapa Matombo kuipinga, ghasia zikatokea na mpango ule ukafa. "Hatukukataa kuutunza udongo," alisema. "Tulikataa kuamrishwa na mtu asiyeujua." Kisha akatuonyesha kwamba mfereji wetu umeelekea vibaya. Tukauchimba upya.

MAJI YA NANI?

Mvua ilinyesha kila siku alasiri. Siku ya nne, ilipokatika, tulikwenda kuutazama mto Ruvu, ambao maji yake hutoka katika milima hii. Ulikuwa mwekundu, umejaa, unavuma. Mwalimu akatuuliza kama darasani: maji haya yanakwenda wapi?

Jibu lake, ndugu msomaji, limo nyumbani mwako kama unaishi Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huchota maji ya mto huu, na sehemu kubwa ya jiji hunywa, hupika na kufua kwa maji hayo. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa na mto ukapungua, jiji zima lilipangiwa mgao, nasi tulipanga foleni na ndoo zetu tukilalamika. Wangapi kati yetu tulijiuliza kuhusu watu wanaoishi mtoni juu, katika miteremko inayobomoka, na misitu inayohifadhi unyevu wa chemchemi? Tunanyonya, lakini hatuulizi hali ya mama.

Tuliondoka siku ya Jumamosi. Jiko lilikuwa limesimama, ufa umezibwa, na moshi wa kwanza ulikuwa umetoka chini ya mabati mapya. Mama alitupa mkungu wa ndizi, mananasi, na mdalasini uliofungwa katika kitambaa. Fundi aliagana naye faraghani, nasi tukageuka kutazama milima.

Tulipolivuka daraja la Ruvu, kwenye barabara kuu ya kurudi jijini, mto ulikuwa ungali mwekundu, ukienda kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Fundi aliutazama hadi ulipopotea nyuma yetu. "Jiko la mama linakwenda baharini," alisema. "Limefika kabla yetu."

Ikiwa unapanga safari ya pwani, ndugu msomaji, iepuke miezi ya masika, na tahadhari ikitolewa usibishane nayo wala usinunue ujasiri wa mtu mwenye mashua. Na ikiwa safari yako itavunjika, usikae nyumbani ukinung'unika. Fikiri ni mlango gani hujaubisha siku nyingi.

Tangu siku hizo rafiki yetu huenda Matombo mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, kuusafisha mfereji. Simu yake siku hizi huuliza habari za nyumba kwanza. Ama Mafia, tutakwenda panapo majaliwa. Deni letu la samaki halijalipwa, na mama hulikumbusha kila tunapompigia.