San Andreas ya PS2 Bado Ndiyo Baba Yao

Wasee, huu mjadala tuumalize leo. Kati ya Grand Theft Auto: San Andreas zote zilizowahi kutoka, gani ndiyo kali? Mimi nimecheza nne: ya PS2, ya kompyuta, ya simu na ile iliyotengenezwa upya 2021. Nasema ya PS2, na si eti kwa sababu nimeshikwa na kumbukumbu za utoto.

Ya PS2 ilitoka Oktoba 2004. Ile mashine ilikuwa na memori ya MB 32 pekee. Picha chache tu za simu yako zinajaza hiyo nafasi. Sasa humo ndani walitaka miji mitatu, jangwa, msitu na mlima. Haingetoshea. Kwa hivyo gemu ilikuwa inasoma diski ukiendelea kusonga, inachora vitu vilivyo karibu nawe, na vya mbali inavifunika kwa ukungu. Los Santos ikapata ile rangi ya machungwa, kama jioni yenye vumbi. Huoni mwisho wa barabara. Ukitoka Grove Street kwenda San Fierro unahisi kabisa umesafiri, kama mtu ametoka Nairobi akaingia Nakuru.

Juni 2005 ikafika ya kompyuta. Picha safi, unaona mbali, lakini ile rangi ya jioni ikafifia. Raha yake ni kwamba mtu anaweza kuifungua na kuibadilisha. Saiba ya mtaa wetu ilikuwa na moja ambayo msee alikuwa ameweka matatu ndani, grafiti mpaka kwenye vioo. CJ anaendesha nganya! Halafu chiti zilikuwa rahisi: unaandika HESOYAM, unapata afya, vesti na dola 250,000. Kwa PS2 ilibidi ukariri: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, halafu hizo nne za mwisho tena. Nusu ya darasa letu walikuwa wameiandika nyuma ya daftari la hesabu.

Ya simu ikaja Desemba 2013. Hii naiheshimu, manze. Watu ambao kwao hakukuwa na PS2 wala pesa za saiba walimjua CJ kupitia simu ya bro mkubwa. Na ukishindwa katikati ya misheni, si lazima uanze yote upya. Lakini kuendesha gari kwa kidole kwenye kioo ni ngori, maana kidole chenyewe kinafunika barabara. Na simu ni ya mtu mmoja. PS2 unachomeka pedi ya pili, mnaingia mtaani wawili kwa skrini moja.

Novemba 2021 ikatua Definitive Edition. Ilitengenezwa na Grove Street Games, studio ileile iliyofanya ya simu ikiwa bado inaitwa War Drum Studios. Mwangaza mpya, ukungu ukaondolewa. Ukapanda Mount Chiliad unaona karibu ramani nzima, na unashtuka: kumbe hii dunia ni ndogo hivi? Mvua ilikuwa mistari myeupe inayokuziba macho. Lile duka la donati linaloitwa Tuff Nut, bango lake lilikuwa nati ya chuma yenye pembe, ndio utani wenyewe. Likalainishwa mpaka nati ikawa duara. Rockstar waliomba msamaha mwezi huohuo. Na Novemba 2024 apdeti ikaleta chaguo la mwangaza wa zamani. Yaani miaka mitatu kurudisha ukungu ambao PS2 ilikuwa nao kwa MB 32!

Lakini kinachoniuma si nati. Kabla hiyo mpya itoke, matoleo ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Mashabiki wakapiga kelele ndipo ya kompyuta ikarudishwa kwenye duka la Rockstar. Nyimbo kadhaa za redio nazo zilishatolewa kwa matoleo ya baadaye kwa sababu leseni ziliisha, na bila zile redio San Andreas ni nini? Dogo anayeanza leo anapewa gemu tofauti yenye jina lilelile, na hana njia ya kujua kilichokosekana.

Diski haina hiyo shida. Hakuna mtu ataamka asubuhi akafute wimbo kwenye diski iliyo kwa droo yenu. Tunapenda kudownload juu ni rahisi, sawa, lakini kitu ambacho mwenye duka anaweza kukibadilisha ukiwa umelala, kweli ni chako?

Kwa hivyo kama kuna PS2 imelala juu ya kabati ya mathe, tafadhali usiiuzie watu wa skrapu. Ipanguse vumbi, tafuta memori kadi, mwite dogo wa jirani umwonyeshe Los Santos ikiwa bado na ukungu wake.

Haya, timu simu na timu kompyuta, nawasikiza. Jiteteeni.