Upande wa Wasioandika

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwanafunzi anayesimuliwa hapa aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, akaitumia katika insha zisizo na idadi, wala hakudhani kwamba ingekuja kumkaba akiwa ameinamia kompyuta saa saba usiku, akilivusha jeshi la Wagermani katika mto Rhine.

Ilikuwa mwaka wa 2009. Mhadhiri wa somo la tafsiri alikuwa amewaagiza wanafunzi wake watafute, kila mmoja, matini ambayo haijawahi kutiwa katika Kiswahili, wazifasiri kurasa mbili. Wengi walikimbilia maelezo ya dawa na mikataba ya benki. Yeye alichagua maelezo ya mchezo aliokuwa akiucheza bwenini, Rome: Total War, uliotolewa mwaka wa 2004. Humo mchezaji hukabidhiwa dola la kale, naye hujenga miji, hutoza kodi, hurithisha watoto uongozi na kupiga vita kuanzia mwaka wa 270 K.K. Mwanafunzi alitaka kuiongoza Germania.

Kuipata hakukuwa rahisi. Mwanzoni mchezo humfungulia mtu koo tatu za Kirumi tu. Mataifa kadhaa mengine, Germania ikiwemo, hufunguka baada ya kushindwa. Kwa hivyo, ili awe Mgermani, ilimlazimu kwanza awe Mrumi, aingie msituni na kuwamaliza Wagermani hadi wa mwisho. Kazi hiyo ilimchukua majuma mawili na mihadhara miwili ya sarufi, hasara ambayo hakuijutia ipasavyo. Kinaya kilichokuwamo hakukiona.

Alipohamia ng'ambo ya pili ya mto ndipo mambo yalipoanza kumkera. Miji yake ilikua hadi kiwango fulani ikadumaa. Kuta zake zilikuwa za magogo, na za magogo zingebaki hata hazina ikifurika dhahabu. Katika ramani mlikuwa na mji uitwao Mogontiacum. Alipoenda maktabani aligundua kwamba hilo ni jina la kambi ya Kirumi iliyojengwa karibu mwaka wa 13 K.K., zaidi ya miaka 250 baada ya mchezo kuanza. Leo mahali hapo ni Mainz. Alisoma pia kwamba Tacitus, Mrumi aliyeandika kitabu chake kuhusu Germania mwaka wa 98 B.K., anasema watu hao hawakuishi mijini kabisa, na kwamba wanawake wao walisimama karibu na uwanja wa vita wakiwatia waume zao moyo. Mchezo umewapa miji, na wanawake hao umewageuza kikosi cha kupiga mayowe.

Aidha, hawakuwa taifa moja. Walikuwako Cherusci, Chatti, Suebi na makabila mengine mengi, yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe mara nyingi kama yalivyopigana na Roma. Wagermani wa karne hizo hawakuacha kitabu wala waraka wa kujieleza. Hata ushindi wao mkubwa kuliko wote, wa mwaka wa 9 B.K., Arminius alipoyaangamiza majeshi matatu ya Varus katika msitu wa Teutoburg, umehifadhiwa kwa kalamu za upande ulioshindwa.

Mwenzake wa chumbani, mwanafunzi wa historia na Mrumi wa kupindukia, hakuacha kumtania.

"Bwana wee, umeziacha barabara na mabafu ya Roma ukawafuata washenzi?"

"Washenzi hao watakutembelea, ndugu yangu. Weka chai."

Neno hilo halikumshtua, kwa sababu tayari alikuwa amelitumia yeye mwenyewe. Katika tafsiri yake, kila alipokutana na lile neno ambalo Wayunani waliwabandika watu wote ambao usemi wao ulisikika kama bar-bar masikioni mwao, aliandika "washenzi". Lilitiririka lenyewe. Lilikuwa neno fasaha, fupi, na kamusi ilimuunga mkono.

Usiku wa kuamkia Jumatano aliiteka Patavium, kaskazini mwa Italia. Raia walinung'unika, maana katika mchezo huu mji uliotekwa huchukia utamaduni wa mtawala mgeni. Mchezo ulimpa hiari tatu: aukalie mji, awafanye wakazi watumwa, au awaangamize. Alibonyeza ya tatu. Kidole hakikusita. Kwenye kioo idadi ya watu iliporomoka, na ghasia zikatulia. Hapo ndipo alipojiona, labda kwa mara ya kwanza, kuwa anacheza kama vile Mrumi alivyomwandika.

Akamkumbuka babu yake. Mzee huyo alikuwa mpagazi wa bandarini Mombasa kabla ya uhuru, akarudi bara na Kiswahili kilichokipiku cha mjukuu wake msomi. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulitamka hata alipokasirikia mbwa. Tangu karne ya 19 watu wa pwani walikuwa wakiwaita watu wa bara washenzi, na mzee aliitwa hivyo mchana na usiku kwa miaka sita, na watu aliokuwa akiwabebea mizigo.

Muhula ulipokaribia kwisha, alipata diski yenye Europa Barbarorum, marekebisho ya mchezo huohuo yaliyofanywa na wapenzi wake kwa kujitolea. Jina lenyewe ni Kilatini: Ulaya ya hao hao walioitwa barbari. Humo pande la Wagermani linaitwa Sweboz, jina ambalo wanaisimu wengi hulifasiri kuwa "watu wetu wenyewe". Na askari walipoamriwa kusonga mbele, hawakujibu kwa Kiingereza kama awali. Walijibu kwa lugha mame ya Kigermani, lugha ambayo hakuna aliyeiandika, iliyoundwa upya kwa kulinganisha Kigothi, Kiingereza, Kijerumani na ndugu zake, kwa kanuni kama ile ya Jacob Grimm ya mwaka wa 1822, ambayo huonyesha p ya Kilatini ikikutana na f ya Kigermani.

Mwanafunzi aliijua mbinu hiyo. Ndiyo ambayo Mjerumani Carl Meinhof aliitumia mwaka wa 1899 kuunda upya Mame-Bantu, na yeye alikuwa amekesha akikariri mizizi yake, kila mmoja na kinyota chake mbele, -ntu ukiwemo. Aliwaamuru askari wasonge tena, kisha tena, bila adui mbele yao, ili asikilize tu.

Siku ya Ijumaa aliwasilisha tafsiri yake. Kila palipokuwa na "washenzi" palikuwa pamefutwa, na juu yake pameandikwa kwa penseli "Wasweboz". Mhadhiri aliirudisha baada ya juma moja. Neno hilo lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara kumi na moja, na pambizoni mlikuwa na swali moja: "Ndio nani hawa?"