Mvua ikinyesha Irente, simu hupigwa Mazinde

Ukisimama kwenye mwamba wa Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, Mazinde yote unaiona chini kabisa: mabati ya nyumba, mashamba ya mkonge, barabara kuu ya kwenda Moshi. Wageni hufika pale kupiga picha. Asubuhi moja ya Oktoba 2019, mama mmoja wa watoto watatu alifika pale kutafuta kwa macho bati la nyumba ya mdogo wake.

Ilikuwa vuli ile iliyoua watu na kukata barabara katika Mkoa wa Tanga. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, na simu ya mdogo wake haikuwa ikipatikana tangu jioni iliyotangulia. Ukungu ulifunika bonde. Ulipofunguka kidogo, akaona maji yamelala mahali ambapo siku zote huwa pakavu. Yalikuwa mekundu. Rangi ile aliijua, kwa sababu usiku uleule kipande cha chini cha shamba lake kilikuwa kimeporomoka na maharage yake.

Simu iliita saa tisa alasiri, kwa namba ngeni. "Dada, tuko hai. Tumelala darasani."

Siku ya tatu mdogo mtu alipanda mlima na wanawe wawili. Njia ya mkato ya miguu kutoka Mazinde ilikuwa na utelezi ambao hakuna angethubutu kuupanda na mtoto mgongoni, hivyo walizunguka na barabara ya Mombo na Soni. Walipanda bodaboda, wakashuka palipokuwa na mawe na udongo, wakatembea, wakapanda nyingine. Walifika na mfuko mmoja wa nguo na sufuria.

Nyumba ya vyumba viwili ikawa na watu tisa. Majirani hawakuuliza maswali mengi. Mmoja alileta debe la viazi, mwingine mkaa, mwingine blanketi.

Usiku wa pili mtoto mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, akaanza kuharisha. Hilo nalo ni sehemu ya mafuriko, ingawa halionekani kwenye picha. Maji yakipanda huingia vyooni kisha visimani, na familia iliyonusurika kuzama hunywa kilichobaki.

Mama yake akaacha kumpa maji. "Nikimpa anaharisha zaidi," alisema. Wazazi wengi hufikiri hivyo, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi ni kukaukiwa maji mwilini. Bibi mwenye nyumba naye akashauri chai ya rangi iliyokolea. Dada mkubwa alikumbuka alichofundishwa kliniki. Alikuwa na pakiti moja ya ORS, akaikoroga katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akamnywesha mtoto kwa kijiko, kidogokidogo, usiku kucha. Alipotapika walisubiri kama dakika kumi, wakaendelea. Ziwa la mama hakunyimwa.

Kulipokucha wakampeleka zahanati bila kusubiri aonekane mahututi. Mzazi, usisubiri macho yadidimie, mtoto alie bila machozi, alegee au ashindwe kunywa. Ukiona damu kwenye choo, ondoka hapohapo. Walipewa ORS nyingine na vidonge vya zinki, ambavyo mtoto humeza kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Siku ya nne alikuwa akigombania kiazi na binamu zake.

Jambo gumu lilikuja baadaye, wakati wa kupepeta maharage. "Dada," mdogo mtu alisema bila hasira, "maji yale yalikuja na udongo wenu."

Hakujibiwa. Bibi ndiye aliyeanza kusimulia habari za matuta. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta mashambani ili kuzuia mmomonyoko. Jembe walishika zaidi wanawake, na asiyechimba alitozwa faini. Watu wakayachukia, mpango ukafa kabla ya uhuru. Bibi alikuwa msichana wakati ule, na hadi leo neno lenyewe hulitamka kama anatema kitu. Ni vigumu kumlaumu. Lakini mteremko haujui nani alitoa amri, na udongo unaoachwa wazi hushuka tu.

Msimu uliofuata dada mkubwa alipanda mistari ya majani ya guatemala kukata mteremko. Mume wake alinung'unika kwamba yanakula nafasi ya maharage, na ni kweli, yanakula. Alinyamaza ng'ombe alipoanza kuyala.

Kisha zikaja mvua za 2024. Mwezi Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mvua kubwa zilizoambatana na El Nino. Safari hii Irente haikusubiri asubuhi kwenda mwambani. Usiku wa kwanza wa mvua nzito, dada mkubwa alipiga simu: "Huku haikatiki. Waamshe watoto, nendeni juu, na korongo msilivuke hata kama maji ni ya magotini."

Walikwenda. Wakati huu walibeba vyeti vya kliniki kwenye mfuko wa nailoni, dumu la maji yaliyochemshwa na pakiti nne za ORS.

Yule mtoto wa kijiko sasa anasoma shule ya msingi. Mawingu yakitanda tu mlimani hudai simu ya mama yake, naye hana muda wa salamu ndefu.

"Shikamoo mama mkubwa. Huko kunanyesha?"