Doa Lilelile

Nililipua kazi ya mtu, na niliilipua nikijua.

Mteja wangu alikuwa na kafe ya intaneti. Alitaka picha za mtindo wa granji za kuweka kwenye skrini za kompyuta zake: kuta zilizobanduka rangi, kutu, karatasi zilizochanika. Mtindo huo ulivuma pamoja na muziki wa Seattle mwanzoni mwa miaka ya 1990, nami niliupenda tangu nilipoona kurasa za jarida la Ray Gun, ambazo David Carson alizipanga bila kujali mistari wala pambizo. Nikajiambia kwamba hapa fujo ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo hakuna atakayegundua nikiharakisha.

Brashi ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, ni muhuri. Ndani yake mna picha ya kijivu: palipo peusi hutoa rangi nzito, palipofifia hutoa rangi hafifu, peupe hapatoi kitu. Nilipakua seti nzima, nikanogewa na brashi moja tu, ya doa lenye vitone vitatu na mchirizi uliopinda kushoto. Nikaigonga kila kona, ukubwa uleule, pembe ileile. Programu yenyewe ina mahali pa kuiamuru brashi ijizungushe na kubadili ukubwa kila inapogongwa. Pamekuwepo tangu toleo la 7, mwaka 2002. Nilipajua. Sikupagusa. Kisha, kwa kuwa faili lenye leya nyingi, yaani matabaka ya picha yaliyopangwa moja juu ya lingine, liliifanya kompyuta yangu ijikokote, nilizibana leya zote kuwa moja, nikahifadhi JPEG na kufuta faili la awali.

Siku ya kukabidhi tuliwasha kompyuta zote pamoja. Mimi nilikuwa bado naangalia rangi mteja aliponyoosha kidole.

"Kaka, hili doa mbona liko na huku?"

Akagusa kona ya pili, halafu skrini iliyofuata. Vitone vitatu, mchirizi kushoto. Tangu hapo sikuona kutu wala karatasi, niliona doa tu. Nilipita skrini moja baada ya nyingine nikitafuta ambayo haina. Sikuipata. Nikasema nitarekebisha, na kabla sijamaliza kusema nikakumbuka kwamba leya sikuwa nazo tena. Doa lilikuwa limeshakuwa ukuta.

Nilirudisha malipo ya awali. Nikaanza upya bila malipo, lakini nilipomaliza alikuwa ameshaweka picha za mtu mwingine. Hakunipa kazi tena.

Mwaka 1994 Carson alichapa mahojiano na mwanamuziki Bryan Ferry kwa fonti ya Zapf Dingbats, alama tupu zisizosomeka, kwa sababu aliyaona yanachosha. Naamini hakumtendea haki msomaji, lakini aliamua. Mimi sikuamua chochote. Hata ukuta wa kweli hauchakai ovyo: unyevu hupanda kutoka kwenye msingi, rangi ikaanza kubanduka chini; kutu huanzia kwenye msumari ikachuruzika. Siku hizi, kabla ya kugonga doa, najiuliza maji yametoka wapi.

Nawe unayeanza, kila doa lipe leya yake. JPEG ni ya kumpa mteja. Faili lenye leya usilifute, hata kama diski imejaa.