Imani Iandikwe Imani

Chumbageni, Tanga
14 Machi 2024

Mpendwa mwanangu Salma,

Hujambo, na mwenzio wa tumboni hajambo? Sisi huku wazima, ila joto limetukamata. Baba yako kaniambia mmeshapata jina: Imani, awe wa kike au wa kiume. Nikafurahi. Kisha akanisomea mnavyotaka kuliandika, "Ymanny", nikamwomba arudie herufi moja moja, maana nilidhani simu inakatika.

Umemwambia kwamba hata yule mwanamuziki wa Ufaransa mwenye asili ya Komoro, Imany, ameweka Y. Kweli. Lakini hilo ni jina la jukwaani, kajichagulia mwenyewe ukubwani. Alipozaliwa aliitwa Nadia. Mwanao atapewa tu, hataulizwa.

Nakuandikia kwa sababu mimi ni Riziki. Darasani tulikuwa wawili, mimi na mvulana mmoja wa Pangani. Hakuna aliyetuchanganya: mwalimu aliita Riziki binti Athumani, Riziki bin Kombo, basi. Kwa hiyo, hofu yenu kwamba mtu akisoma Imani hatajua ni wa kike au wa kiume, wazee waliimaliza zamani bila kugusa herufi hata moja.

Kilichonitesa mimi ni i moja. Karani mmoja aliandika "Rizki" kwenye cheti changu cha shule. Sikujali, nilikuwa mtoto. Nilipokwenda kufuatilia mafao ya kustaafu, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha shule kinasema vile. Ikabidi niende kwa wakili kula kiapo kwamba Riziki na Rizki ni mtu mmoja, na bado nikarudishwa dirisha lile lile mara tatu. Yangu ilikuwa ajali ya kalamu. Wewe unataka kumwandalia mwanao ya makusudi.

Sisemi tahajia haibadiliki. Riziki kwa Waarabu ni "rizq", Imani ni "iman". Ni sisi tulioongeza irabu ili neno litoke vizuri kinywani. Ndiyo maana kuna Zainab na Zainabu, Rashid na Rashidi, na sigombani na yeyote. Hao wote wanafuata sauti. Y ya Kiswahili inataka irabu iifuate: yai, yeye, yungiyungi. Ukiipa M, inabaki inaning'inia. Mwalimu wa chekechea ataanzia wapi kuisoma? Na hizo N mbili, ya pili inasemaje?

Kama mnaona akina Imani wamezidi mtaani, chukueni Shukuru au Tumaini. Nayo hayabagui.

Mtoto anatakiwa aandikishwe ndani ya siku 90. Kwenye fomu wekeni Imani, herufi tano, kisha jina la baba, kisha la babu. Cheti mkisome palepale, kabla hamjaondoka dirishani. Kwenye simu na picha zenu lipambeni mpendavyo, hata mkiweka Y tatu.

Nakuja mwezi wa tano na kanga doti mbili. Nitakuja pia na kile kiapo changu, ukisome huku unanyonyesha.

Nisalimie mumeo.

Shangazi yako akupendaye,
Riziki (si Rizki)